Marehemu Hapigi Simu

Hajra aligundua kuwa amekufa Jumamosi asubuhi, alipokwenda dukani kununua chumvi.

Siku zote mtu akiingia duka la Stellamaris pale Sofu hupokewa kwa maneno mengi kuliko bidhaa zilizomo, kwa sababu Stellamaris anapenda kuongea na duka lenyewe ni dogo. Asubuhi ile hakupokewa na mtu. Mwenye duka alimtazama, akaangusha kopo la mafuta ya kula, akashika kaunta kwa mikono miwili. Hajra alidhani mwenzake amezidiwa, akazunguka upande wa ndani na kuanza kumpepea kwa kipande cha boksi. Haikusaidia. Ukiwa umetoka kumlilia mtu, hutaki mtu huyohuyo akupepee.

Alipopata pumzi, Stellamaris alimwonyesha simu. Kulikuwa na picha ya Hajra, ile aliyopigwa kwenye harusi ya Pangani akiwa na kitenge cha njano na mwiko mkononi, ila sasa ilikuwa imewekewa msalaba mweusi juu na mishumaa miwili chini. Muislamu mzima amepewa msalaba. Maandishi yalisema wanasikitika kutangaza kifo cha Hajra Mashaka, mpishi, mkazi wa Kibaha, aliyefariki akiwa na deni, na kwamba ndugu na marafiki wanaombwa kumchangia marehemu ili deni lake liishe apumzike. Namba ya kutuma pesa ilikuwepo, tena kwa herufi kubwa.

"Mimi nimeshatuma," Stellamaris alisema kwa aibu.

Hajra ni mpishi wa shughuli. Ukisikia pilau la harusi fulani kule Mbwawa bado linasifiwa wiki mbili baada ya bibi harusi kuondoka, ujue yeye ndiye aliyesimama na mwiko. Sasa mwenye harusi mmoja alikuwa amemwomba apike kwanza, malipo yatafuata, na Hajra akakubali, maana anaona haya kumdai mtu aliyevaa suti. Wauza mchele na nyama hawana haya hiyo. Akaingia kwenye simu, akapakua kitu kiitwacho Sitiri Mkopo, akabonyeza kubali, kubali, kubali, na pesa ikaingia kabla maji ya chai hayajachemka. Mojawapo ya hizo kubali iliwapa ruhusa ya kuchukua kila namba iliyokuwemo kwenye simu yake. Nani husoma yale maandishi? Hata Stellamaris, ambaye mbali na duka ni msaidizi wa kisheria wa kata na hufundisha watu kuyasoma, ya kwake hayasomi.

Mwenye harusi akachelewa kulipa, na deni likaanza kuumuka. Ndipo akaanza kupiga simu kijana mmoja mwenye sauti laini aitwaye Godbless. Siku ya kwanza alimwita mama. Siku ya pili alimwita mwizi. Baada ya hapo yakaja majina ambayo Hajra hajawahi kuitwa hata na mume waliyeachana naye, na yule alikuwa na kipaji. Mwisho Hajra akaizima simu, akaifukia ndani ya debe la mchele, akajifungia ndani siku mbili akijiambia kwamba balaa likikosa mlango litaondoka. Balaa halikuondoka. Lilipokosa mlango wake, likaenda kwenye milango ya watu wengine wote anaowafahamu.

Pale dukani Stellamaris alishapata nguvu na alikuwa ameanza kueleza sheria. Alisema kudaiwa si kosa la jinai. Alisema mkopeshaji wa mtandaoni anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na hata mwenye leseni hana ruhusa ya kuwatangazia watu deni la mteja wake. Alisema kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ipo Tume ya kupelekewa malalamiko, na kwamba Hajra asifute ujumbe hata mmoja. Alisema mengi mazuri. Hajra hakusikia hata nusu, kwa sababu alikuwa amefika kwenye wazo moja na kukwama hapo.

Mama yake.

Bi Biasha anaishi Masaki, ile ya Kisarawe, si ile ya wenye magorofa ya Dar es Salaam. Moyo wake si mzima. Daktari alishasema bibi huyu asishtuliwe, na familia ililichukua neno hilo kwa uzito wote, hata mechi ya Simba na Yanga akakatazwa kuisikiliza redioni. Ana simu ndogo ya tochi, na namba yake ndiyo ya kwanza kabisa kwenye simu ya Hajra. Kwa nini wangeiruka?

Hajra alikimbia nyumbani, akaifukua simu, akaiwasha. Ujumbe ulimiminika hata simu ikawa inatembea yenyewe mezani. Hakufungua hata mmoja. Alimpigia mama yake, akaambiwa namba haipatikani. Akapiga tena, hivyohivyo. Akampigia Mahona.

Mahona ni Msukuma aliyehamia Masaki na ng'ombe wake miaka mingi sasa. Kila asubuhi humpelekea Bi Biasha maziwa, na kwa kuwa macho ya bibi yamechoka, ndiye anayemsomea ujumbe ulioingia kwenye simu. Zaidi ya hayo, Mahona ni mtani. Wazaramo na Wasukuma wanataniana tangu enzi za mababu, na hakuna anayeukumbatia utani kama yeye. Mwezi uliotangulia Hajra alimtumia salamu za rambirambi akidai amesikia Mahona amekufa kwa uchoyo wa kula mtindi peke yake. Mahona alijibu kwamba maiti yake itapikwa pilau na Hajra, na kwa jinsi lile pilau lilivyo baya, wafiwa nao watamfuata. Ndiyo mazungumzo yao, na hupendana sana.

Simu ya Mahona iliita mara moja tu. Alipopokea, Hajra alisikia kilio nyuma yake, kilio cha kweli cha mwanamke mtu mzima, na akaitambua sauti ya shangazi yake Zubeda wa Mlandizi. Shangazi Zubeda hatoki Mlandizi bila sababu.

"Mahona, mama yuko wapi?"

"Huku tuna msiba," Mahona alisema. "Marehemu hapigi simu." Akakata. Hajra alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Asiyeujua utani angesema, si anatania huyo, basi salama. Hajra alikuwa anaujua, na kwa kuujua ndiko alikoishiwa nguvu. Mtani hana kazi kwenye mafua. Kwenye msiba hasa, msiba wa jeneza na kaburi, ndipo anapotakiwa kuja kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza anavyotembea, kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Kazi yake ni kuwachekesha waliofiwa wasije wakafa na wao. Kwa hiyo mzaha wa Mahona haukumwambia Hajra kwamba kila kitu ni shwari. Ulimwambia kwamba kuna maiti. Na kama maiti si yeye, ilikuwa ya nani?

Aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Alitoka na kanga moja na kandambili zisizofanana, akamkuta Badru wa bodaboda kijiweni, akapanda bila kuuliza bei. Stellamaris, ambaye alikuwa amefunga duka bila hata kuokota kopo lake, akapanda nyuma. Badru alikumbusha kwamba mshikaki wa abiria wawili hauruhusiwi na kwamba kati ya abiria wake mmoja ni mtu wa sheria. Mtu wa sheria akamwambia aondoe pikipiki.

Walishika barabara ya Morogoro hadi Kiluvya, wakaiacha lami na kukata kulia kuelekea Kisarawe. Njia nzima Stellamaris alipiga kelele za sheria sikioni mwa Hajra, upepo ukachukua nusu na mashimo yakachukua iliyobaki. Badru, kwa upande wake, alitoa pole kila walipopita kwenye kona, kwa sababu tangazo na yeye lilikuwa limemfikia na hakuwa na hakika pole hiyo aitoe kwa nani. Hajra hakumjibu yeyote. Alikuwa anamwahidi Mungu mambo. Aliahidi kusoma kila atakachobonyeza. Aliahidi kumdai kila mwenye harusi mpaka mlangoni. Aliahidi kwamba akimkuta mama yake mzima, hatamficha tena shida yoyote, hata ya kuishiwa chumvi.

Mikorosho ya Masaki ilipoanza kuonekana, watu nao walianza kuonekana. Walikuwa wengi. Uani kwa Bi Biasha palikuwa pametandikwa mikeka, sufuria kubwa limeinjikwa, wanawake wamejifunga kanga viunoni. Shangazi Zubeda alikuwa amekaa chini ya mlimao, analia huku amefunika uso. Katikati ya uwanja, juu ya kitanda cha kamba, palikuwa na mtu amelazwa, amefunikwa gubigubi kwa kanga ya kahawia yenye maua meupe.

Hajra aliijua kanga ile. Alimnunulia mama yake yeye mwenyewe, Idi iliyopita.

Hakukumbuka kushuka kwenye pikipiki. Waliokuwepo wanasema alipita katikati ya watu akiwa hana kandambili hata moja, na wale walioliamini tangazo walirudi nyuma wakisoma dua. Alijitupa juu ya kile kitanda, akaikumbatia ile maiti kwa mikono yote, akalia akimwita mama yake. Maiti ilikuwa ya baridi, tena ya maji maji. Ilikuwa haina mabega. Hajra alivuta kanga na kukutana uso kwa uso na shina la mgomba.

"Hilo ni wewe," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Mahona anasema umenona."

Bi Biasha alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha mbele, kikombe cha maziwa mkononi. Mzima. Hajra alitambaa mpaka kwake, akaweka kichwa kwenye mapaja yake, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni na kuonekana. Hata sufuria liliachwa likafurika.

Ilichukua muda kuupanga ukweli, kwa sababu kila mtu alitaka kuwa wa kwanza kuusema. Asubuhi Mahona alileta maziwa kama kawaida, akapewa simu asome. Alipoona tangazo la kifo, na kwamba marehemu anaomba mchango, alipiga goti kwa kicheko. Kwake mambo yalikuwa wazi: Hajra amelipiza kile kisa cha pilau, na safari hii ametengeneza kitu cha maana. Alimsomea bibi kwa madaha, akaongeza ya kwake, kwamba mwanao amejifia makusudi ili asinilipe maziwa, na Bi Biasha akacheka. Kisha mtani akaapa kwamba Mzaramo hawezi kumshinda kwa utani. Akaizima simu ya bibi asije akapigiwa na kuharibiwa shughuli, akakata mgomba, akaomba kanga, akaita majirani. Alitaka Hajra akija aukute msiba wake umeshapamba moto. Shida ni kwamba shangazi Zubeda alikuwa ameshapata tangazo lilelile Mlandizi, na yeye hana utani na mtu. Aliingia uani akilia kweli, Mahona akamsifu kwamba anaigiza vizuri sana.

Sasa Mahona alikuwa amesimama na gauni kuukuu la Hajra alilolivaa juu ya suruali, majivu usoni, na kicheko kimemkauka. Alipoelewa kwamba lile halikuwa neno la mtani wake bali la mtu asiyemfahamu kabisa, alikaa chini. Alisema angejua, simu ile angeitupa kisimani. Shangazi Zubeda alimpiga ndala kadhaa mgongoni, naye akazipokea zote bila kukwepa.

Simu ya Hajra iliita palepale. Ilikuwa sauti laini.

Stellamaris aliichukua, akaweka spika, akainua mkono watu wanyamaze. Godbless hakuuliza anaongea na nani. Alisema anaona simu imefunguliwa, maana yake dawa imeingia. "Lipa leo," alisema, "na kesho tunawatangazia kwamba umefufuka."

Uwanja mzima ulisikia. Stellamaris akauliza kwa adabu kabisa jina lake kamili ni lipi, anafanyia kampuni gani, leseni yao ni namba ngapi, na nani aliwapa namba ya bibi wa Masaki mwenye ugonjwa wa moyo. Godbless alitaja jina na kampuni kwa majivuno. Leseni aliiruka. Kuhusu namba, alisema mteja mwenyewe alibonyeza kubali, kwa hiyo wasimletee habari za sheria.

"Hajra alibonyeza," Stellamaris alisema. "Huyu bibi alibonyeza lini?"

Mahona hakuweza kuvumilia, akainama kwenye simu na kusema kwamba kwa desturi aliyetangaza msiba ndiye mwenye msiba, kwa hiyo watani wanamsubiri alete mchele, ng'ombe na sanda ya mgomba, na hawatoki mpaka afike. Watu wakaangua kicheko. Simu ikakatwa. Jioni ile kila aliyekuwa uani, na kila aliyekuwa ametuma rambirambi, alimpigia Godbless kumuuliza ng'ombe wamefika wapi, mpaka ikawa zamu yake kuizima simu.

Pilau liliiva, likaliwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kulimwaga. Hajra alilionja, akasema chumvi imezidi, na kwa mara ya kwanza siku ile akahisi yu hai. Watu walipoanza kutawanyika alimwambia mama yake ainuke, waingie ndani apumzike. Bi Biasha hakuinuka. Alimwangalia mwanawe, halafu akaongea kwa sauti ya chini, asiisikie Mahona.

"Nilicheka kwa kuwa Mahona alicheka," alisema. "Nikajiambia, mtani hawezi kukosea. Lakini tangu aliposoma ile simu nimekaa hapahapa, Hajra. Kila nikitaka kusimama miguu inakataa. Nilikuwa nangoja nione utashuka wewe mzima, au gari litaleta maiti yako."

Hajra alimshika mikono, akamvuta taratibu, na safari hii miguu ilikubali. Hasira ambayo hakuwa amepata muda wa kuihisi kwa ajili ya woga na kilio ilimwingia wakati ule, na haikuwa hasira ya kupiga kelele.

Jumatatu walikwenda kuandikisha malalamiko, Stellamaris akiwa amevaa koti lake la semina. Picha, jumbe na majina ya waliosikia ile simu vyote vilikuwepo. Malalamiko yalipelekwa kwenye Tume, taarifa ikapelekwa Benki Kuu, na polisi nao wakaambiwa kuhusu mtu aliye hai kutangazwa amekufa. Palipotakiwa jina la mlalamikaji, Hajra alitaja mawili, lake na la Bi Biasha. Mwenye harusi, aliposikia mpishi wake alikufa kwa ajili ya mchele wake, alilipa siku hiyohiyo na kuongeza mbuzi.

Haikupita wiki tatu, Hajra akiwa Masaki kumwangalia mama yake, simu iliita. Safari hii hakuwa Godbless. Alikuwa mkubwa wa Godbless, mtu wa maneno ya ofisini, na alianza kwa shikamoo ingawa kwa sauti alimzidi Hajra umri. Alisema yule kijana ameshaondolewa. Alisema kampuni imetafakari, na iko tayari kulifuta deni lote, mkopo na riba, endapo Hajra atakwenda kuyaondoa yale malalamiko.

"Nilichokopa nitakirudisha," Hajra alimjibu. "Hilo ni langu. Malalamiko siwezi kuyaondoa yote, si yangu peke yangu. Mengine ni ya mama."

Mkubwa aliomba basi aongee na huyo mama, waelewane, aseme anataka nini. Hajra alisita. Kisha akamtazama Bi Biasha, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, naye akanyoosha mkono kuitaka simu.

"Mwanangu," Bi Biasha alisema, "sitaki pesa yako. Nataka uje hapa Masaki, ukae kwenye kizingiti hiki, uniangalie usoni, unieleze Hajra alivyokufa."

Mkubwa akakata. Bi Biasha alimrudishia mwanawe simu, akauvuta ungo, akaendelea kuchambua. Mahona alikuwa amefika mlangoni na maziwa, amesikia yote, naye akaweka maziwa chini, akaketi kwenye kizingiti kile, akamwangalia bibi usoni.